Achille Castiglioni, Mwitalia aliyeunda taa ya Arco na kujivunia swichi ya waya

Novemba 2016, jijini London, nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza redio yenye gramafoni kwa pauni 257,000 za Uingereza. Ilikuwa mali ya mwanamuziki David Bowie, aliyefariki Januari mwaka huohuo. Mashine hiyo, RR126 ya kampuni ya Brionvega, ilichorwa mwaka wa 1965 na ndugu wawili wa mji wa Milan, Italia: Pier Giacomo na Achille Castiglioni. Spika zake mbili zinaweza kupachikwa ubavuni au kuwekwa juu, na chombo kizima kinasukumwa kwa magurudumu kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Miaka mitatu baadaye, ndugu hao hao walichora kitu cha bei ndogo kabisa: swichi ya plastiki inayowekwa katikati ya waya wa taa ya mezani. Swichi hiyo, ya kampuni ya VLM, imetoka kiwandani kwa mamilioni. Mtu anainunua katika duka la vifaa vya umeme bila kuuliza nani aliichora. Achille Castiglioni alikuwa akisema kwamba kati ya kazi zake zote, hiyo ndiyo aliyojivunia zaidi, kwa sababu watu waliichagua kwa kuwa inafanya kazi vizuri, si kwa sababu ya jina lake.

Kati ya redio ya mamilioni na swichi ya senti kuna maisha ya mtu mmoja aliyebadilisha namna dunia inavyotazama taa, kiti na hata kijiko. Castiglioni alizaliwa Milan tarehe 16 Februari 1918, akafariki katika mji huohuo tarehe 2 Desemba 2002, akiwa na umri wa miaka 84.

Watoto watatu wa mchonga sanamu

Baba yake, Giannino Castiglioni, alikuwa mchonga sanamu mashuhuri. Ni mmoja wa wabunifu wa makaburi makubwa ya Redipuglia, kaskazini-mashariki mwa Italia, yaliyozinduliwa mwaka wa 1938 na ambamo wamelazwa wanajeshi zaidi ya 100,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Watoto wake watatu wa kiume, Livio, Pier Giacomo na Achille, wote walisomea usanifu wa majengo. Achille, kitinda mimba wa hao watatu, alipata shahada yake katika chuo cha Politecnico di Milano mwaka wa 1944, wakati vita vikiendelea.

Kaka zake walikuwa wamemtangulia. Pamoja na msanifu Luigi Caccia Dominioni, walifungua ofisi na kuchora redio ya kampuni ya Phonola, iliyooneshwa katika maonesho ya Triennale ya Milan mwaka wa 1940. Wakati huo redio zilifichwa ndani ya masanduku ya mbao yanayofanana na kabati. Ya kwao ilitengenezwa kwa bakelaiti, plastiki ya enzi hizo, na umbo lake lilifuata vipuri vilivyokuwa ndani.

Vita vilipokwisha, Achille aliingia katika ofisi hiyo. Livio aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 kufuata kazi zake mwenyewe, na Pier Giacomo na Achille wakabaki wawili. Walifanya kazi pamoja hadi Pier Giacomo alipofariki mwaka wa 1968. Kazi zote za kipindi hicho zina majina ya wote wawili, na hakuna aliyejaribu kutenganisha mkono wa mmoja na wa mwingine.

Ulikuwa wakati wa kujenga upya. Italia iliyobomolewa na mabomu ilikuwa na karakana nyingi ndogo, mafundi hodari wa mbao na chuma, na pesa kidogo. Kitu kilichotumia malighafi kidogo na kufanya kazi vizuri kilikuwa na soko. Taa ya Luminator, ya mwaka wa 1954, inaonesha fikra hizo. Ni mrija mmoja wa chuma uliosimama wima, wenye upana unaotosha tu kupokea kishikio cha balbu, juu ya miguu mitatu myembamba. Balbu inaangaza dari, na dari inarudisha mwanga chumbani bila kuumiza macho. Mwaka wa 1955, taa hiyo ilipata Compasso d'Oro, yaani Bikari ya Dhahabu, tuzo kubwa zaidi ya ubunifu wa bidhaa nchini Italia.

Kiti cha trekta kinaingia sebuleni

Mwaka wa 1957, katika jumba la Villa Olmo mjini Como, ndugu hao walionesha chumba cha kuishi kilichowashangaza wageni. Ndani yake kulikuwa na viti viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuviona katika duka la samani.

Cha kwanza kinaitwa Mezzadro. Kalio lake ni kiti cha chuma cha trekta, jinsi kilivyo, chenye matundu yake. Kinashikwa na upapi mmoja wa chuma unaonesa mtu akikalia, kama unavyonesa juu ya trekta lenyewe. Chini kuna gongo la mbao linalozuia kisipinduke, na vyote vinafungwa kwa nati yenye masikio, ile inayokazwa kwa vidole. Jina pia halikuchaguliwa ovyo. Kwa Kiitaliano, mezzadro ni mkulima asiye na shamba lake, anayelima ardhi ya mwingine na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu. Katika sebule za matajiri wa Milan, jina hilo liliwakumbusha ni nani hukaa kwenye kiti cha namna hiyo mchana kutwa.

Cha pili, Sella, ni kiti cha baiskeli ya mashindano kilichowekwa juu ya nguzo ya chuma, na chini yake kitako cha chuma cha mviringo kinachoyumba. Achille alieleza kwamba alikifikiria kwa ajili ya kuzungumza kwenye simu ya ukutani. Alipenda kutembeatembea akizungumza, lakini pia alitaka kukaa, ila si kukaa kabisa.

Watengenezaji hawakuthubutu. Mezzadro ilisubiri hadi mwanzo wa miaka ya 1970 ndipo kampuni ya Zanotta ilipoanza kuiuza. Sella ilisubiri hadi mwaka wa 1983. Leo viti hivyo vimo katika vitabu vya historia ya ubunifu, na Mezzadro imehifadhiwa katika makumbusho ya nchi mbalimbali.

Taa isiyohitaji kutoboa dari

Mwaka wa 1962 ndio uliomfanya Castiglioni ajulikane duniani kote. Huko Merano, karibu na mpaka wa Austria, kampuni changa ya Flos ilikuwa ikianza, ikisukumwa na wafanyabiashara wa samani Dino Gavina na Cesare Cassina. Ndugu wa Castiglioni walikuwa wamekwisha kuichorea taa zilizofunikwa kwa utomvu wa plastiki unaopulizwa juu ya fremu ya waya, kitu kilichotoka Marekani. Sasa walileta taa tatu kwa mpigo: Toio, Taccia na Arco.

Toio ni taa ya mbele ya gari iliyopachikwa juu ya mti wa chuma. Transfoma yake haikufichwa. Imewekwa chini, mahali pa kuonekana, ili uzito wake uzuie taa isianguke. Waya unapanda ukipitia vipete vidogo, vilevile vinavyotumika kwenye fimbo ya kuvulia samaki.

Taccia ni kama taa ya dari iliyopinduliwa. Bakuli kubwa la kioo limekaa tu juu ya nguzo, bila kufungwa, na mtu analigeuza kwa mkono kuelekeza mwanga anakotaka. Mfano wa kwanza ulikuwa wa plastiki, lakini joto la balbu liliiharibu, wakalazimika kutumia kioo.

Arco ilitokana na tatizo ambalo kila nyumba inalijua. Taa ya kuangaza meza ya chakula hutundikwa darini. Ukihamisha meza, taa inabaki palepale, na unahitaji kutoboa dari upya. Wabunifu hao walijiuliza: taa inawezaje kutoka juu bila kugusa dari? Jibu walilipata barabarani, kwenye taa za mitaani, ambazo nguzo yake iko pembeni na mwanga wake unaanguka katikati ya njia.

Waliunda upinde wa chuma kisichoshika kutu, wa vipande vitatu vinavyoingiliana, ili urefu ubadilishwe. Upinde huo unakwenda mbali kiasi cha mita mbili kutoka kwenye kitako, ili mtu aliyebeba sinia aweze kupita nyuma ya waliokaa mezani. Ili taa isipinduke, kitako ni jabali la marumaru nyeupe ya Carrara lenye kilo 65 hivi. Pembe za jabali zimekatwa ili zisiumize muundi wa mpita njia. Katikati kuna tundu, ambalo wengi wanalidhani pambo. Tundu hilo ni la kupitisha mpini wa fagio, ili watu wawili waweze kunyanyua taa na kuihamisha.

Hakuna kitu katika Arco kilichowekwa ili kipendeze tu. Hata hivyo ikawa moja ya taa zilizopigwa picha zaidi duniani. Mwaka wa 1971 ilionekana katika filamu ya James Bond, Diamonds Are Forever. Tangu 1962 hadi leo, Flos haijaacha kuitengeneza.

Kazi baada ya kifo cha kaka

Kifo cha Pier Giacomo, mwaka wa 1968, kilimwacha Achille peke yake baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi ya pamoja. Alikuwa na umri wa miaka 50. Hakutafuta mshirika mwingine wa kudumu, lakini moja ya taa zake bora za miaka iliyofuata ilianza tena na mchoro wa mtu mwingine, naye akiwa marehemu.

Pio Manzù, mbunifu kijana aliyechora gari la Fiat 127, alifariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 1969, akiwa na miaka 30. Aliacha wazo la taa inayopanda na kushuka kwenye fimbo iliyosimama wima, na kukazwa kwa skrubu. Castiglioni alilichukua wazo hilo na kuondoa kila kisichohitajika. Badala ya fimbo aliweka kamba ya chuma iliyovutwa kutoka darini hadi sakafuni, chini ikishikwa na kizito. Badala ya skrubu aliweka mrija uliopindwa kwa umbo la alama ya mabano. Kamba ikipita ndani ya mrija huo inasuguana nao, na msuguano peke yake unatosha kuizuia taa isiteleze. Mtu anaisukuma kwa mkono, ikifika anapotaka anaiachia.

Taa hiyo, Parentesi, ilitoka mwaka wa 1971 na kupata Compasso d'Oro mwaka wa 1979. Hadi leo inauzwa kwa majina mawili: Achille Castiglioni na Pio Manzù.

Mambo madogo ya maisha yalimshughulisha pia. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, na alichoshwa na sigara zinazoungua zenyewe na kuanguka mezani. Ndipo akachora kisahani cha majivu chenye springi kwenye ukingo. Sigara inakaa kati ya mizunguko ya springi bila kuanguka, na springi inatolewa kwa ajili ya kuosha. Miaka mingi kabla ya hapo, kwa ajili ya kampuni ya Kraft, ndugu hao walikuwa wamechora kijiko cha plastiki chenye ukingo mmoja ulionyooka. Kazi yake ni moja tu: kukwangua mayonezi iliyobaki kwenye kuta za chupa.

Mwalimu aliyekuja na mfuko wa vitu

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Castiglioni alifundisha katika chuo cha Politecnico cha Torino, kisha akarudi Milan, ambako alifundisha hadi mwaka wa 1993. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba aliingia darasani na mfuko uliojaa vitu: miwani, mikasi, vitu vya kuchezea watoto, zana za bustani, vitu vya bei rahisi alivyookota au kununua safarini. Alivitoa kimoja kimoja na kuvifanyia kazi mbele yao, wakati mwingine akipanda juu ya meza, ili waone ni kwa nini kila kimoja kina umbo lile na si jingine.

Vingi kati ya vitu hivyo havikuwa na jina la mbunifu. Fundi mmoja alikitengeneza, mwingine akakirekebisha, wa tatu akapunguza kisichofaa, hadi kikakamilika. Kwa Castiglioni, hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kweli. Aliwaambia wanafunzi kwamba asiye na udadisi heri aache kazi hiyo. Aliwafundisha pia kwamba kila kazi lazima iwe na kiini kimoja, sababu moja inayoifanya istahili kuwepo, na kwamba kisichotumikia kiini hicho kiondolewe.

Mwaka wa 1997, jumba la makumbusho la MoMA mjini New York lilimwandalia maonesho makubwa, yaliyosimamiwa na Paola Antonelli. Ofisi yake ya Piazza Castello namba 27, mjini Milan, ilianza kupokea wageni mwaka wa 2006, ikiwa na michoro, mifano na makabati ya vitu vyake alivyoviokota.

Aliyeazima, kisha akaigwa

Umaarufu wa Arco ulileta tatizo jingine. Taa zinazofanana nayo zilijaa madukani, kuanzia Asia hadi Ulaya na Amerika, nyingi zikiwa na jiwe jepesi na upinde dhaifu. Mwaka wa 2006, Flos ilifungua kesi mjini Milan dhidi ya kampuni moja ya Italia iliyokuwa ikiagiza kutoka China taa iliyoitwa Fluida na kuiuza, ikisema kuwa ni nakala ya Arco.

Kesi ilikuwa ngumu kwa sababu umbo la Arco halikuwahi kusajiliwa kama muundo wa kiwandani. Je, taa inaweza kulindwa kwa haki za mtunzi, kama riwaya au mchoro? Sheria ya Italia ya wakati huo iliweka vizuizi kwa vitu vya zamani vya aina hiyo. Mahakama ya Milan ilipeleka swali kwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg. Tarehe 27 Januari 2011, mahakama hiyo iliamua kwamba nchi mwanachama haiwezi kuinyima kazi ya namna hiyo haki za mtunzi, au kuichelewesha kwa miaka kumi, kwa sababu tu muundo wake uliosajiliwa uliangukia mikononi mwa umma kabla ya sheria mpya. Iliongeza kuwa hata muundo ambao haukusajiliwa kamwe unaweza kulindwa, ikiwa unatimiza masharti ya kuwa kazi ya mtunzi. Tangu hapo, hukumu hiyo inatajwa na wanasheria kila wanapojadili ulinzi wa samani barani Ulaya.

Mtu anaweza kuuliza: je, si Castiglioni mwenyewe aliyechukua kiti cha trekta na taa ya gari bila kumwomba yeyote ruhusa? Tofauti iko kwenye kazi iliyofanyika. Kiti cha trekta kilipofika sebuleni kilipata mguu mpya, namna mpya ya kusimama na sababu mpya ya kuwepo, na jina lake lilitaja wazi kilikotoka. Taa ya mtaani ilipoingia ndani ilipata kitako, vipande vya kurefusha na tundu la mpini wa fagio. Aliyenakili Arco hakutatua tatizo lolote. Jibu lilikuwa limekwisha kupatikana, yeye alichukua tu sura yake.

Tukumbushe kwamba swichi ya VLM haikuzua mabishano ya namna hiyo. Bado inatengenezwa. Umbo lake ni la mviringo upande wa chini, ili iteleze vizuri juu ya meza, na kitufe chake kinatambulika kwa kidole hata gizani, wakati ambapo swichi inahitajika zaidi.